Kamba ya Shangazi Wabiwa

Kilio cha Shangazi Wabiwa kilipokwisha, wanawake wa ukoo walitandika mkeka uani kwake, hapo Kindu, wakaanza kugawana vitu vyake. Sufuria kubwa zilikwenda kwa mkwe wake, vitenge vikaenda kwa binti zake, na ile redio iliyokufa kabla ya mwenyewe ikazua ubishi hata ikabidi irudishwe ndani. Zamu yangu ilipofika nikasema nataka ile kamba iliyokuwa ikining'inia juu ya kitanda chake. Walinitazama. Nimetoka Lubumbashi kwa ndege, mwalimu mstaafu, viatu vya ngozi miguuni, naacha sufuria nzima naomba uzi wenye takataka! Mdogo wangu Sifa peke yake hakushangaa. Aliinuka kwenda kuichukua, huku akitabasamu kwa namna ambayo sikuielewa, akakawia huko chumbani. Mimi nikabaki mkekani, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wa lise, shule ya sekondari, ya masista, na Sifa alikuwa na sita. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kupigwa marufuku, kila mtu mzima alikuwa sitwayen au sitwayene, yaani raia, na kila asubuhi shuleni tuliimba na kucheza kuusifu uongozi kabla ya kufungua daftari. Jinsi tulivyofika kulelewa na dada wa baba, hali mama yetu yuko Kongolo, sitaeleza. Kila ukoo una mafundo yake, na mengine ni heri kuyaacha yalivyofungwa. Yatosha kusema kwamba Sifa hakuwa amemwona mama kwa miaka miwili, na likizo kubwa ile ndipo ilipoamuliwa kwamba tupelekwe kwake kwa treni. Sifa alikuwa ameanza kuusahau uso wa mama. Kila jioni aliniuliza kama mama ana mwanya au hana, nami nikamjibu kwamba anao, ingawa hata mimi sikuwa na hakika tena.

Chumba ninachokikumbuka zaidi ni sebule ya shangazi: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, picha ya Kiongozi ukutani, viti sita vya mbao na kabati la vikombe ambavyo hatukuruhusiwa kuvinywea. Ulikuwa wakati wa kiangazi, asubuhi zina baridi na ukungu wa moshi wa mashamba yanayochomwa, na Lualaba ilikuwa imepungua hata mchanga ukatokeza katikati. Humo sebuleni ndimo shangazi alimotufundisha kusafiri. Nacheka nikikumbuka, maana yeye mwenyewe hakuwa amepanda treni hata siku moja. Alitoka kijijini Pangi kwa miguu akiwa bibi harusi, akafika Kindu, akaona safari hiyo imemtosha maisha yake yote. Lakini aliuza mchele sokoni, na sokoni hakuna ajali ya treni, wizi wala mtoto aliyepotea asiyesimuliwa mara tatu kabla ya saa sita. Kwa hiyo alizijua hatari zote za njia asiyoijua, akaziogopa moja moja.

Alipanga viti viwili viwili, akatuketisha, akatoka nje, kisha akaingia kwa kishindo na mwiko mkononi.

"Siko shangazi yenu sasa," alisema. "Miye njo askari. Karatasi iko wapi, sitwayene?"

"Iko na Mama Ngalula, sitwayen," Sifa alijibu, mikono magotini, akimtaja jirani ambaye tungesafiri naye.

"Munaenda wapi?"

"Kongolo, kwa mama."

"Na hawa watu wanasema mubaya juu ya serikali hapa karibu yako, wanasema nini?"

"Sijui. Nilikuwa nalala."

Shangazi alifurahi sana kwa jibu hilo, akamfinya shavu, kisha akakumbuka kwamba yeye ni askari. Baadaye akajificha nyuma ya mlango, tukasikia sauti yake tu. "Sifa! Unaangalia huku, unaangalia huku, haumuone mukubwa wako. Unafanya nini?"

"Ninakuwa kisiki."

"Kisiki inafanyaka nini?"

"Inakaaka."

"Inaliaka?"

"Inaweza kulia. Lakini haitembeake."

"Njo vile. Mwenye kutafuta njo anatembea. Mukitembea wote wawili, mutapishana mupaka kufa."

Mimi nilikuwa nimeketi kiti cha nyuma, nikijifanya abiria anayesoma kitabu. Niliona aibu. Wasichana wenzangu wa lise wangesema nini kama wangechungulia dirishani wakaona treni yetu ya viti? Na aibu ilizidi alipotoa kamba. Kwao Pangi wazee huvuta kamba ndefu, wakaning'iniza juu yake vitu vidogo vidogo, na kila kitu kina neno lake la kufundishia. Shangazi alisokota ya kwake, fupi, ya kumfunga Sifa kiunoni. Alifunga kibanzi cha mti, ambacho ndicho kisiki. Kizibo cha chupa kilikuwa cha mdomo, wakati watu wakisema siasa. Unyoya wa kuku ulikuwa wa yule anayekaa mlangoni mwa behewa, atakayeruka bila kupenda. Chumvi kidogo ndani ya kitambaa ilikuwa ya kumkumbusha asile kitu ambacho hakukiona chungu chake, na gamba la konokono lilikuwa la kukalia mzigo wako mwenyewe. Sifa aliyajua yote kwa siku mbili, akawa anayaimba akifagia.

Mama Ngalula, jirani yetu, alikuja kutazama matayarisho hayo, na mazungumzo yao niliyasikia nikiwa jikoni nikichambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa mama wa Kikasai, mnene, msafi, aliyekuwa akienda mji wa Kamina kumfuata mumewe, mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa huko; yeye ndiye angetushika mkono mpaka Kongolo. Alikuwa na sanduku la bati lililowahi kuwa la biskuti, na ndani yake kinini ya malaria, bendeji, dawa nyekundu ya vidonda, na karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko yenye orodha ya kila kitu.

"Dawa iko, maji ya kuchemusha iko," alisema. "Kamba ya nini tena, mama?"

"Sanduku yako inabaki na wewe," shangazi akamjibu. "Mutoto akipotea, sanduku itamufwata?"

Walicheka wote wawili, lakini nilimsikia shangazi akishusha pumzi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya kwangu kuisikia: "Mwamini njo namutumainia. Ule mutoto, hata akikosa, anarudiaka." Mwamini ni mimi, na kurudia, kwa Kiswahili chetu, ni kurudi. Nilijisikia mkubwa kuliko nilivyokuwa, nikachambua sombe kwa maringo.

Asubuhi ya kuondoka tulikula wali na sombe ya mawese kabla jua halijapanda, akatufungia chikwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki wa moshi kwenye majani, akamfunga Sifa kamba, akatusindikiza mpaka stesheni. Hakutuaga. Alishika ukingo wa dirisha la behewa na kuuachia treni ilipomlazimisha. Nami, tulipopita tu nyumba za mwisho za Kindu, nilimvuta Sifa sweta lake likaifunika kamba, kwa sababu behewa letu lilikuwa na wasichana wanne wa lise waliokuwa wakienda likizo, mmoja wao msichana ambaye nilitamani sana awe rafiki yangu. Kisha nikamwambia Sifa neno ambalo limenisumbua maisha yangu yote. Nilimwambia, "Achana na mambo ya visiki. Tukishuka mahali, ukisikia treni inapiga filimbi, kimbia uingie. Usiningoje." Nilitaka tu nipate nafasi ya kusimama na wenzangu bila mtoto wa kushikwa mkono.

Treni ilisimama katika kituo kidogo ambacho sitakitaja jina, maana watu wake hawakufanya kosa lolote. Wauzaji walikimbilia madirishani na karanga, ndizi na mayai ya kuchemsha. Sifa alitaka kwenda haja ndogo. Nilimpeleka nyuma ya tangi la maji, nikamwambia akimaliza anifuate, nikarudi penye ndizi walipokuwa wale wasichana. Yule niliyemtamania urafiki alinishika bega akanieleza jambo fulani la kuchekesha juu ya sista mmoja, na jambo lenyewe silikumbuki hata kidogo leo. Filimbi ikalia. Sote tukakimbia tukicheka. Nilipoketi nikaona nafasi ya Sifa iko tupu, nikadhani yuko kwa Mama Ngalula upande wa pili. Mama Ngalula naye alidhani yuko nami. Ilipita muda wa kumenya yai na kulila, ndipo aliponigeukia.

"Mutoto iko wapi?"

"Si yuko na wewe, mama?"

Nilimwona akigeuka rangi. Alipiga kelele, akamwita kondakta, kondakta akasema treni si baiskeli, na treni nyingine ya abiria haipiti mpaka wiki ijayo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya behewa, na lililonikata maini halikuwa kwamba Sifa yuko kituoni. Niliwaza lile neno langu. Nilimwambia akimbie. Kama amenitii mimi, basi alikuwa akikimbia nyuma ya treni, juu ya reli, na vile viguu vyake.

Mungu si Athumani. Mbele kidogo kulikuwa na daraja lililokuwa likitengenezwa, treni ikapunguza mwendo kisha ikasimama kuwangoja wafanyakazi wa njia watoe vyombo vyao. Nilifungua mlango nikashuka. Mama Ngalula alitoa kichwa dirishani.

"Mwamini! Panda! Wewe nawe utapotea!"

"Sitapanda, mama."

Alinitazama. Kisha akaingiza mkono ndani, akanitupia chupa yake ya maji ya kuchemsha na sweta langu. "Enda," alisema. "Mama yenu nitamwambia miye. Enda, mwanangu!"

Mzee mmoja wa wale wafanyakazi wa njia alipewa ruhusa kunisindikiza, kwa kuwa upande huo ndio alikuwa akikagua. Alikuwa na nyundo ndefu, na kila alipoona skrubu iliyolegea alisimama akaigonga. Nilitaka kumpiga kwa nyundo yake. "Papa, haraka, mudogo yangu!" nilimwambia. Akanijibu taratibu, "Nakusikia, mwanangu. Lakini kesho kutwa iko treni ingine ya mizigo, nayo ina watu." Akagonga, tukaendelea. Viatu vyangu vya likizo vilinichubua, nikavivua nikatembea juu ya mataruma yaliyokuwa yamepashwa na jua. Kila kona niliogopa nitakachokiona. Niliangalia nyasi za kando. Niliita jina lake hata sauti ikakauka, na kila mara asipojibu nilifarijika na kuumia kwa pamoja, kwa sababu kama hayuko njiani basi hakunitii, na kama hakunitii huenda yu mzima.

Tulipotokeza kituoni niliona kundi la watu karibu na tangi. Katikati yao alikuwa Sifa, amekaa chini palepale nilipomwacha, miguu imenyooka, machozi na vumbi vimechora mistari usoni. Sweta lilikuwa limepandishwa juu na mkono mmoja ulikamata kile kibanzi cha mti. Pembeni yake kulikuwa na ndizi mbili na kikombe cha maji, havijaguswa. Mama mmoja muuza karanga alikuwa amesimama nyuma yake, amemshikia jani la mgomba juu ya kichwa, na nilijua kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka kwamba amelishika muda mrefu.

"Njo wewe mukubwa yake?" aliniuliza. "Tumemubembeleza, amekataa. Shefu wa gare, mukubwa wa stesheni, amekuja mwenyewe, amekataa. Anasema yeye njo kisiki. Nikasema basi, kisiki nayo inaombaka kivuli."

Nilipiga magoti nikamkumbatia, nikalia mbele ya watu wote bila haya. Sifa hakuinuka mpaka niliposema jina langu na lake, kama tulivyofundishwa sebuleni.

"Ulikawia," alisema.

"Hukusikia filimbi?"

"Nilisikia. Nilitaka kukimbia." Akafikiri kidogo. "Lakini kama ninakimbia na wewe unarudia, tutapishana."

"Ulijua nitarudi?"

"Shangazi alisema unarudiaka."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Lakini sisi ndio tuliopona kwa yule mama. Alitulaza siku mbili katika chumba chake kilichonuka karanga, akatupikia wali mweupe na majani ya matembele, na kabla ya kumpa Sifa kijiko alifunua chungu akamwonyesha ndani, maana alikwisha kuielewa ile chumvi. Yule mzee wa nyundo alikuja kutusemea, tukapanda treni ya mizigo. Sifa alikuwa ameokota kokoto la reli hapo kituoni; nilimwambia alitupe, akakataa, nami sikulijali. Mama alitupokea Kongolo akiwa amekonda kwa siku mbili tu. Alikuwa na mwanya. Alinipiga kofi moja, akanikumbatia, na baada ya chakula akasema, "Hii tuiache hapa hapa. Wifi yangu akiisikia, moyo utamukatika." Mama Ngalula alikuwa amekwisha kuapa vivyo hivyo kabla ya kuendelea na safari yake. Basi nikaapa na mimi.

Tuliporudi Kindu shangazi alikuwa stesheni kabla ya treni. Alimfungua Sifa kamba, akagusa kitu kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Njia ilikuwa aje?" Nikamjibu, "Nzuri, shangazi." Alisubiri kidogo. Kesho yake alichinja kuku, akaenda kuchota maji na Sifa, na waliporudi alikuwa na macho mekundu, ya moshi, nilivyodhani. Wakati wa kula alichukua firigisi, ambayo nyumbani kwetu ilikuwa ya mtu wa heshima, akaiweka juu ya wali wangu. Niliitafuna kwa taabu, nikifikiri nalipwa kwa uongo wangu, nikaimeza kwa maji.

Nimefundisha watoto wa watu zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kuwapeleka popote bila kuwahesabu mara tatu. Wenzangu walinicheka. Kila nilipokuja Kindu, shangazi akizidi kuzeeka, aliniuliza lilelile: "Njia ilikuwa aje?" Nami nilijibu lilelile, halafu kilikuja kile kimya kidogo, kama mtu aliyeshika mlango wazi kwa ajili ya mwingine. Nilifikiri ni uzee. Mara ya mwisho, pumzi zikimsumbua, aliniuliza tena, nikamshika mkono nikasema, "Nzuri, shangazi." Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kilichokuja hakikuwa changu, kilikuwa chake.

Sifa alitoka chumbani na kamba, na pamoja naye Mauwa, mjukuu wa shangazi, msichana wa miaka tisa. Kamba ilikuwa imebadilishwa uzi mara nyingi, kibanzi kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Mauwa alinisomea bila kuombwa: kisiki, kizibo, unyoya, chumvi, konokono. Bibi alikuwa akimfunga kila mtoto wa ukoo kabla ya vakansi, yaani likizo, alisema, hata wanaopanda pikipiki kwenda Kalima. Mwisho wa kamba, kwenye kijifuko cha uzi kilichosokotwa kwa uangalifu kuliko vingine vyote, kulikuwa na kokoto la reli.

"Na hii?" nilimwuliza.

"Ile ni ya ule mukubwa alipoteza mudogo wake ku treni," Mauwa alisema. "Akashuka, akarudia na miguu. Bibi anasemaka, kupoteza, kila muntu anapotezaka. Mwenye anarudia, ule njo mukubwa."

"Alikuambia jina lake?"

"Haina, hakuniambia. Alisema mwenyewe atakuja kuuliza."

Nilimtazama Sifa. Mdogo wangu ana mvi sasa, na bado ananiita yaya, dada mkubwa. "Nilimpa jiwe siku ile ya kuchota maji, yaya," alisema. "Nilikuwa na miaka sita, siri ningeiweka wapi? Alilia, kisha akarudi akakupa firigisi."

"Mbona hakuniambia? Miaka yote hii!"

"Nilimwomba mara nyingi. Nilimwambia, shangazi, mwite umwambie kwamba unajua, apumzike. Alikataa. Alisema, 'Yeye njo ananitafuta. Miye ninakaa hapa.'"

Nilifungua kile kijifuko nikalishika kokoto kiganjani, dogo, zito kuliko lilivyoonekana. Chumba chake kilikuwa mbele yangu, mlango wazi, kitanda kimeondolewa godoro. Nilivua viatu, nikaenda mpaka kizingitini kwa miguu mitupu, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Shangazi, njia ilikuwa mbaya. Nilimpoteza Sifa. Lakini nilirudi."